Jiwe la Macho, Si la Kidole: Mazungumzo na Wachongaji na Wauzaji wa Vito, Tanga

Assalamu alaykum. Kwa wale wa salamu nyingine, habari za jioni. Wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Mwenyekiti amenipa nusu saa, na alinikazia macho alipokuwa akiitaja. Nitajitahidi, ingawa sijapata kumwona Mtanga aliyemaliza mazungumzo ndani ya nusu saa, hata yale ya kuagana mlangoni.

Humu nawaona masonara, nawaona madalali, nawaona vijana wanaojifunza kukata mawe, na kina mama kadhaa waliokuja kuhakikisha vijana hao kweli wako hapa. Wengi wenu mmeingia kwenye vito kwa mlango mmoja: Bonde la Umba. Tangu miaka ya 1960 bonde lile limekuwa likitoa yakuti, ambazo sokoni mnaziita safaya, za rangi ya machungwa, za zambarau, za hudhurungi, na nyingine zinazogeuka rangi ukizitoa juani na kuzipeleka kwenye taa. Limetoa na ganeti za kila namna. Kwa hiyo jicho la mtu wa huku limelelewa na mawe magumu. Mpe jiwe asilolijua, atauliza kwanza ugumu wake, halafu uzito, halafu bei. Sina ugomvi na mpangilio huo, maana umesomesha watoto. Lakini kuna jiwe moja ambalo ukianza nalo kwa swali la ugumu, hamtafika mbali. Utalirudisha kwa mwenyewe kabla hujaliona.

Linaitwa sfaleriti. Hili hapa mezani, la rangi ya asali iliyokolea. Naomba msilishike kwanza, sababu nitaisema.

Niwape aibu yake mapema tuimalize. Kwenye kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa mawe, yakuti ya Umba ni 9. Ganeti inacheza kati ya 6.5 na 7.5. Tanzanite, ambayo kila mtu anasema ni laini, ni 6 hadi 7. Sfaleriti ni 3.5 hadi 4. Kisu cha jikoni kinaikwaruza bila shida. Si kisu tu. Vumbi la barabarani lina chembe za mchanga, yaani kwatzi, na kwatzi ni 7. Ukilikuta jiwe hili lina vumbi ukalifuta kwa ncha ya kanzu, umelipiga msasa. Hiyo ndiyo sababu ya kuwazuia mikono.

Sasa tuje kwenye fahari yake.

Mwanga mweupe, mnavyojua, ni mchanganyiko wa rangi. Ukiingia ndani ya jiwe unapinda, na kila rangi inapinda kwa kiasi chake. Zambarau hupinda zaidi ya nyekundu. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa zile cheche za rangi unazoziona jiwe likitikiswa. Mwanga unaingia kama watu wanaotoka msikitini Ijumaa: mlangoni wako pamoja, hatua chache baadaye kila mmoja ameshika njia ya kwake. Katika mawe mengi wanaachana taratibu mno, hata huoni kama wameachana. Wataalamu wana namba ya kupima jambo hili. Kwatzi ina 0.013. Yakuti ina 0.018, na ndiyo maana safaya nzuri inapendwa kwa rangi yake yenyewe, haipendwi kwa cheche. Almasi, ambayo dunia nzima imeifanya mfalme wa kumetameta, ina 0.044. Ganeti ya kijani iitwayo demantoidi, iliyosifika kutoka milima ya Ural huko Urusi, inaipita almasi kwa 0.057.

Sfaleriti ina 0.156.

Nimeona mzee mmoja amevua miwani. Ndiyo, mzee wangu, ni zaidi ya mara tatu ya almasi. Na si kutawanya rangi tu. Kipimo chake cha kupinda mwanga ni 2.37, na almasi ni 2.42, kwa hiyo wako karibu sana. Mwanga ukishaingia ndani na kugonga upande wa nyuma kwa pembe inayozidi nyuzi 25 hivi, hauna njia ya kutokea. Unarudi ndani, unatafuta mlango mwingine. Mchongaji anayejua kazi yake anaupangia mlango huo uwe juu, usoni kwa mtazamaji. Ndiyo maana hata jiwe la hudhurungi, ambalo likiwa ghafi ungelidhania sandarusi chafu, likikatwa vizuri linakuwa na mng'ao wa almasi juu na moto wa rangi chini.

Ila kuna masharti. Kwanza, rangi ya jiwe lenyewe ikiwa nzito mno inazimeza cheche. Chuma kikiwa kidogo ndani yake, sfaleriti huwa ya njano au kijani hafifu. Kikiongezeka inakwenda machungwa, hudhurungi, mpaka nyeusi kabisa isiyopitisha mwanga. Mkusanyaji anayetaka cheche hutafuta zile nyepesi. Anayetaka rangi hutafuta machungwa na nyekundu, na cheche anazipata kama nyongeza. Mimi niko upande wa machungwa, na najua wapo watakaonipinga. Pili, taa. Chini ya taa za tyubu kama hizi zilizo juu yetu, jiwe hili linaonekana la kawaida, kwa kuwa mwanga wake umesambaa. Lipeleke kwenye jua la asubuhi, au lipige tochi moja ndogo, au mshumaa umeme ukikatika, utaona kitu kingine. Dalali anayeonyesha mawe ya namna hii chini ya tyubu anajinyima mwenyewe.

Kuna jambo linalonishangaza kila nikilifikiria. Sfaleriti kimsingi ni zinki na salfa, salfa ile wazee wanayoiita kibiriti upele. Hakuna kaboni hata chembe. Lakini mpangilio wa atomu zake ni ule ule wa almasi. Katika almasi kila atomu ya kaboni imeshikwa na wenzake wanne. Katika sfaleriti kila zinki imeshikwa na salfa nne, na kila salfa na zinki nne, kwa ramani ile ile. Mwaka 1912 kule Munich, mwanafizikia Max von Laue na wenzake walipopitisha eksirei kwenye fuwele kwa mara ya kwanza, sfaleriti ilikuwa miongoni mwa fuwele za mwanzo kupigwa picha. Kijana mmoja aitwaye William Lawrence Bragg akazitazama picha zile akaeleza jinsi atomu zilivyojipanga. Sehemu kubwa ya elimu ya leo ya kujua mpangilio wa atomu ndani ya kitu, ikiwemo ya dawa, imepita njia hiyo. Basi ndugu wawili wa ramani moja: mmoja ndiye mgumu kuliko mawe yote, mwingine anakwaruzwa na kisu. Kinachotofautiana ni nguvu ya mshiko baina ya atomu na atomu.

Vijana wachongaji, sasa nasema na ninyi. Almasi ina njia nne za kupasuka. Sfaleriti ina sita, zote safi kabisa. Maana yake ni kwamba karibu upande wowote utakaoligeuzia, kuna njia ya kupasukia jirani. Ukilikandamiza kwenye diski linamenyeka vipande vidogo vidogo. Uso mmoja ukiangukia sambamba na njia ya mpasuko, hautang'aa hata ukilala nao. Itabidi uugeuze nyuzi chache. Na joto halilipendi. Lakiri ya moto mnayotumia kubandika jiwe kwenye kijiti, hapa iacheni. Tumieni gundi isiyohitaji moto, na subira. Diski laini, mwendo mdogo, mkono mwepesi. Fundi aliyezoea safaya ana mazoea ya kulazimisha, na jiwe hili halilazimishwi. Ndiyo maana wakusanyaji wengi, wakishika sfaleriti kubwa iliyokatwa safi, nyuso zimekutana sawasawa bila kumenyeka, wanauliza jina la aliyeikata kabla ya kuuliza bei. Sijui jiwe lingine linalompa fundi heshima namna hiyo.

Masonara, na kwenu neno moja. Likiletwa jiwe hili limeshapachikwa kwenye pambo na pambo linahitaji kuungwa, litoeni jiwe kwanza. Msiliache karibu na moto. Msilitumbukize kwenye tindikali. Tindikali inalila na mtasikia harufu ya mayai viza dukani kote. Mashine ya kuosha kwa mitetemo na ile ya mvuke, vilevile hapana. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo, kitambaa laini. Na mteja akisema anataka pete ya kuvaa kila siku, mwambieni ukweli. Hereni zinawezekana. Kidani cha kuvaa harusini kinawezekana. Pete ya mtu anayefua na kupika, huo ni wizi wa mchana.

Linatoka wapi? Madini yenyewe si adimu hata kidogo, na hapa wengi huchanganyikiwa. Sehemu kubwa kabisa ya zinki ya dunia inatoka kwenye sfaleriti, inayochimbwa kwa mamilioni ya tani. Kilicho adimu ni ile inayopitisha mwanga, isiyo na nyufa, ya kutosha kukatwa. Iliyosifika kuliko zote ilitoka mgodi wa Áliva, kwenye milima ya Picos de Europa, jimbo la Cantabria huko Hispania. Watu walikuwa wakichimba zinki ya viwandani, na katikati ya mawe ya kiwanda wakakuta mabonge ya machungwa yanayopenya mwanga. Mgodi ulifungwa mwaka 1989, na leo eneo lile ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo sururu haziruhusiwi. Zipo nzuri za kijani kutoka Madan, Bulgaria, na za kijani hafifu kutoka Cananea, Mexico. Kuna nyekundu za kupendeza kutoka mgodi wa Elmwood, Tennessee, Marekani. Lakini mkusanyaji akisema tu "ya Hispania", wenzake wameshaelewa.

Áliva iko kwenye miamba ya chokaa. Migodi mingi ya zinki duniani iko hivyo: maji ya chumvi yenye joto hupita chini kwa chini yakiwa yamebeba zinki, yakikutana na salfa ndani ya nyufa za chokaa, zinki inatua. Nimesema chokaa na nimeona vijana wawili wametazamana. Ndiyo, mapango ya Amboni ni chokaa. Hapana, msiende Amboni na sururu. Kuwa na chokaa ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni maji yenyewe na kilichomo ndani yake.

Turudi kwenye zinki, maana nataka kina mama nao wapate chao. Mabati yaliyotufunika hapa ni chuma kilichopakwa zinki, na karibu nusu ya zinki ya dunia inakwenda kwenye kazi hiyo. Zinki inaliwa na hewa kabla ya chuma, inajitoa mhanga ili chuma kipone. Sisi tunaoishi na upepo wa chumvi wa Bahari ya Hindi tunajua bati lisilopakwa vizuri linavyokwisha. Njumu za shaba ya manjano kwenye milango ya kale ya Pangani na Bagamoyo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Na mtoto akiharisha ukampeleka zahanati, unapewa ORS na vidonge vya zinki. Ni pendekezo la WHO na UNICEF tangu mwaka 2004. Chanzo cha zinki hiyo, ukifuata mnyororo hadi mwisho, kwa sehemu kubwa ni ndugu mweusi wa jiwe hili lililo mezani.

Halafu simu zenu. Kioo cha kugusa kina indiamu, metali iliyogunduliwa mwaka 1863 huko Freiberg, Ujerumani, ndani ya sfaleriti. Waliogundua ni Ferdinand Reich na Theodor Richter. Reich alikuwa haoni rangi vizuri, kwa hiyo alimwachia Richter atazame mwanga wa jaribio, na Richter akaona mstari wa buluu ya nili ambao haukuwa wa metali yoyote inayojulikana. Miaka 12 baadaye, mwaka 1875, Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akapata galiamu ndani ya sfaleriti ya milima ya Pyrenees. Na mnazikumbuka televisheni za kichogo? Ile buluu ya kwenye kioo ilitoka kwa unga wa zinki na salfa uliotiwa fedha kidogo. Unga wa namna hiyo hiyo ndio uliokuwa kwenye vioo ambavyo wanasayansi Geiger na Marsden walivitazama gizani kwa hadubini mwaka 1909, wakihesabu vimulimuli kimoja kimoja, na hesabu yao ndiyo iliyomfikisha mwanafizikia Rutherford kwenye kiini cha atomu. Baadhi ya sfaleriti zenyewe hutoa mwanga wa machungwa zikikwaruzwa gizani. Msijaribu kwa jiwe lililokatwa. Tafuteni kipande kibovu.

Naona mwenyekiti ameangalia saa. Nimalizie kwenye biashara.

Mtu ataniuliza: jiwe lisilovalika, nani atalinunua? Lipo kundi la watu duniani ambao hawanunui vito vya kuvaa. Wananunua vya kutazama. Wana masanduku yenye vitundu, wana lenzi, wana tochi, na wanatafuta kila aina ya madini iliyokatwa kwa ustadi. Kwao ulaini wa jiwe haulipunguzii hadhi, unaongezea fundi heshima. Sisi huku tumezoea kudhani mnunuzi ni mmoja tu, yule wa pete, na kwa dhana hiyo nimeona mawe ya ajabu yakitupwa kwenye ndoo ya takataka pembeni ya mashine kwa sababu "hayashiki". Sisemi mtatajirika kwa sfaleriti. Bei yake kwa karati haifiki popote karibu na almasi nzuri, na soko lake ni dogo. Nasema jicho lililojifunza kuliona jiwe hili litaona na mengine yanayopita mikononi mwenu kila wiki bila jina.

Na kulitambua? Hapa mtajisaidia na mizani. Refraktomita ya kawaida, kile kifaa cha kupimia jinsi jiwe linavyopinda mwanga, haiwezi kulisoma, inaishia 1.81, na jiwe hili limeshavuka. Lakini lina uzito. Ujazo wake mmoja una uzito wa mara 4 hivi ya maji, wakati almasi ni 3.5, na zile almasi bandia za zirkonia zinakaribia 6. Pimeni hewani, pimeni ndani ya maji, fanyeni hesabu. Jiwe liitwalo sfini nalo lina cheche kuliko almasi na huweza kufanana na hili kwa rangi, ila ukilitazama kwa lenzi kupitia usoni utaona kingo za nyuma zimejirudia mbili mbili. Katika sfaleriti kila ukingo ni mmoja. Jaribio la kukwaruza, tafadhali, hapana. Mtakuwa mmelijua jiwe na kuliua kwa mkupuo mmoja. Penye shaka, Arusha kuna kituo cha jemolojia, yaani elimu ya vito, chenye vifaa, na nauli ya basi ni nafuu kuliko jina kuharibika.

La mwisho ni karatasi. Mkusanyaji hanunui jiwe tupu. Anataka kujua limetoka mgodi gani, limekatwa na nani, lina karati ngapi, limebadilisha mikono wapi. Jiwe la Áliva lisilo na karatasi ni jiwe la machungwa tu. Na hili lishikeni hata kwa mawe yetu ya hapa: badala ya kuandika "Tanzania" na kuachia hapo, andikeni Umba, andikeni Kalalani, andikeni mwaka, na aliyelikata aweke jina lake. Bahasha ndogo na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Na mwenye kununua na kuuza awe na leseni yake, hilo mnalijua kuliko mimi.

Haya, jiwe liko pale. Zimeni tyubu hizi mbili za upande wa dirishani, tochi ninayo. Maswali tutajibu huku mkitazama.